Usingizi wa Mwuguzi ni Deni la Nani?

Mtu akilazwa hospitalini huuliza mambo mengi. Huuliza daktari wake ni nani, dawa zake ni zipi, na ndugu zake wataruhusiwa kumtazama saa ngapi. Lakini ni nani aliyewahi kumwuliza mwuguzi asimamaye kando ya kitanda chake, "Je, umepata kulala?" Swali hili laonekana kama la upuzi, maana twadhani ya kuwa usingizi wa mtu ni jambo lake mwenyewe, kama chakula chake na mavazi yake. Wasomaji wapenzi, nataka tulipime wazo hilo, tuone kama ni la kweli. Nami nasema mapema nionavyo: usingizi wa mwuguzi ni deni, na wadaiwa ni wengi kuliko tunavyodhani.

Kwanza yafaa tuijue kazi yenyewe. Duka hufungwa, shule hufungwa, hata soko huwa kimya. Bali taa za wodi huwaka usiku kucha. Kwa hiyo saa 24 hugawanywa kwa zamu. Mahali pengine zamu ni tatu, ya asubuhi, ya jioni na ya usiku. Mahali pengine ni mbili tu, kila moja ya saa 12. Mwuguzi wa usiku huingia wakati watu wanaporudi makwao. Hupokea habari za kila mgonjwa kwa mwenzake, hupima joto na mapigo ya moyo, hutoa dawa kwa saa zake, hubadili dripu, humgeuza asiyeweza kujigeuza, humtuliza anayeogopa giza, na yote huyaandika. Mara nyingine ndiye amfumbaye macho aliyekufa, kisha hana budi kugeuka na kumpa wa kitanda cha pili dawa yake kwa uso mtulivu. Kukicha hutoka, naye yampasa alale wakati jua linapowaka, watoto wanapocheza uani, jirani anapotwanga, na bati la nyumba linapokuwa moto.

Wako wasemao, "Kulala ni kulala, aliyekosa usiku na alale mchana." Lakini sivyo. Mwili wa mwanadamu una saa yake ya ndani, nayo hufuata nuru na giza. Mwaka 2017 wataalamu watatu wa Marekani, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, walipewa Tuzo ya Nobel kwa kuonyesha jinsi saa hiyo inavyofanya kazi ndani ya chembe za mwili. Ni saa hiyo ishushayo joto la mwili usiku, hata likawa chini kabisa karibu na saa 10 au 11 alfajiri. Na huo ndio wakati ambapo macho huwa mazito na fikira huenda polepole. Jua likipanda, saa ile ile huuamsha mwili. Basi mwuguzi atokaye zamu ajilaza wakati mwili wake unapomwambia aamke, na usiku afanya kazi wakati unapomwambia alale. Ndiyo maana usingizi wa mchana aghalabu huwa mfupi na wa kukatikakatika.

Je, mtu hawezi kuushinda mwili kwa nia yake? Jambo hili lilijaribiwa. Mwaka 1938 Profesa Nathaniel Kleitman, mchunguzi wa usingizi, alishuka katika Mammoth Cave, pango kubwa lililoko Kentucky, Marekani, pamoja na mwanafunzi wake Bruce Richardson. Mle ndani hamna jua wala jogoo. Wakakaa siku 32, wakijaribu kuishi kwa siku ya saa 28 badala ya 24. Richardson, aliyekuwa kijana, mwili wake ulikubali. Bali profesa mwenyewe, mwenye umri wa miaka 43, mwili wake ulikataa, ukazidi kutaka usingizi kwa kawaida yake ya zamani. Wote wawili walikuwa na nia, na pango lilikuwa moja. Tofauti haikuwa ya bidii, ilikuwa ya miili. Nasi twapata hapa fundisho la maana: usingizi hautii amri. Mtu aweza kujiamuru kwenda kitandani, kuzima taa na kufumba macho. Hawezi kujiamuru kulala. Na kadiri anavyojilazimisha, ndivyo usingizi unavyomkimbia.

Tuendelee mbele. Mbali na saa ya mwili, kuna jambo la pili lifukuzalo usingizi, nalo ni mzigo wa moyo. Mwuguzi akifika nyumbani miguu yake imetoka kazini, lakini mawazo yamebaki wodini. Ajiuliza, "Yule mtoto wa kitanda cha dirishani, je, homa imeshuka? Nilimwambia mwenzangu habari ya ile sindano, ama nilisahau?" Moyo uliokaa macho kwa hatari usiku kucha haukubali upesi kwamba hatari imepita. Mwaka 1979 mtaalamu aitwaye Robert Karasek alieleza ya kuwa kazi imchoshayo mtu zaidi moyoni ni ile yenye mengi ya kutakiwa na machache ya kuamuliwa na mfanyaji mwenyewe. Hebu tuipime kazi ya uuguzi kwa kipimo hicho. Mwuguzi hutakiwa mengi kwa wakati mmoja. Naye haamui idadi ya wagonjwa watakaoletwa, wala dawa zilizomo kabatini, wala siku za zamu yake.

Wenye elimu wamejaribu kupima ubora wa usingizi kwa hesabu. Kipimo kitumiwacho sana kilitungwa Pittsburgh, kikatolewa mwaka 1989. Huuliza mambo 7, kama vile saa alizolala mtu, muda aliokawia kupata usingizi, mara alizozinduka, na jinsi anavyosinzia mchana. Jumla huanzia 0 hata 21, na apitaye 5 huhesabiwa kuwa usingizi wake ni mbaya. Wauguzi wa nchi nyingi wamepimwa hivyo, na jambo moja limeonekana tena na tena: wale wenye msongo mwingi wa kazi aghalabu ndio wenye usingizi mbaya. Wala si njia ya upande mmoja. Aliyelala vibaya huona mzigo ule ule wa jana kuwa mzito zaidi leo. Neno dogo la ndugu wa mgonjwa humchoma, kosa dogo humtia hofu. Na hofu hiyo humnyima usingizi wa kesho. Ni kama mtu abebaye maji kwa ndoo inayovuja: kwa kuwa inavuja yampasa aende kisimani mara nyingi, na kwa kuwa aenda mara nyingi hana nafasi ya kuiziba.

Sasa twafika penye swali letu. Kwa habari ya kukesha kwa mwuguzi watu wana maoni mawili. Wa kwanza husema, "Uuguzi ni wito. Aliyeuchagua alichagua kukesha. Kulalamika habari ya usingizi ni ulegevu." Hao hupenda kumtaja Florence Nightingale, yule mwanamke wa Uingereza aliyekwenda mwaka 1854 kuwauguza askari wa vita vya Crimea katika hospitali ya Scutari, karibu na Istanbul, akajulikana kwa taa yake aliyozunguka nayo usiku. Wa pili husema, "La, uuguzi ni kazi kama kazi nyingine. Mwuguzi auza saa zake, apewa mshahara. Usingizi wake ni juu yake."

Nionavyo mimi, maoni yote mawili yamekosea, tena kosa lao ni moja: yote hudhani ya kuwa usingizi wa mwuguzi ni mali yake peke yake, hata wa kwanza wakamtaka autoe sadaka, na wa pili wakamwachia autunze mwenyewe. Lakini tutazame ni nani apatwaye na hasara usingizi huo ukikosekana. Mwaka 1997 wachunguzi wa Australia, Drew Dawson na Kathryn Reid, walionyesha ya kuwa mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo, wepesi wa mkono na akili yake hupungua sawa na mtu mwenye kileo cha sehemu 0.05 katika 100 ya damu. Akifika saa 24 huwa kama mwenye 0.10, kiasi ambacho nchi nyingi humkataza mtu kuendesha motokaa. Na mwaka 2004 Ann Rogers na wenzake walitangaza habari za wauguzi 393 wa Marekani walioandika kila siku saa zao za kazi na makosa yao. Ilionekana ya kuwa zamu ikifika saa 12 na nusu au zaidi, uwezekano wa kukosea ulikuwa mara 3 kuliko katika zamu fupi. Kukosea huko ni nini? Ni dawa ya huyu kupewa yule, ni nukta ya hesabu kuwekwa pasipo mahali pake, ni sindano ya saa 4 kutolewa saa 6.

Kwa hiyo wale wasemao kwamba mwuguzi ajitoe sadaka, na wajiulize: aliyewekwa juu ya madhabahu ni nani? Mwuguzi adhani kwamba atoa kilicho chake, kumbe atoa na kilicho cha mgonjwa. Wahenga walisema, "Afe punda, mzigo ufike." Mithali hii huitumia mtu akitaka kusema kwamba kazi ni lazima itimie hata kwa hasara. Lakini punda akifa njiani, mzigo hulala njiani pamoja naye. Na katika wodi mzigo wenyewe ni mwanadamu.

Hata Bibi Nightingale hakufundisha vile wanavyodhani wampendao kwa ajili ya taa yake. Katika kitabu chake cha uuguzi alikataza mgonjwa asiamshwe katika usingizi wake wa kwanza, maana alijua thamani ya usingizi. Tena alifundisha ya kuwa utunzaji mwema ni kupanga mambo hata yatendeke sawasawa mtu asipokuwapo. Mwenye kutaka kila jambo lishikwe na mkono wake mwenyewe, usiku na mchana, hajawatunza wagonjwa wake. Amewafungia katika nguvu za mwili mmoja, nao mwili huo una mwisho.

Hata hivyo lazima tujihadhari. Tukisema kwamba mwuguzi alale kwa ajili ya mgonjwa tu, tumemfanya kuwa kama panga linalonolewa kwa faida ya mkataji. Mwuguzi si chombo. Naye ni mama wa watoto, ama mwana wa wazee, ana mwili uumwao kama wa wale awauguzao. Mwaka 2007 shirika la kimataifa la kuchunguza saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliiweka kazi ya zamu ivurugayo saa ya mwili katika orodha ya mambo ambayo yaelekea kuleta saratani kwa wanadamu. Mwaka 2019 likaitazama tena kazi ya usiku na kuiacha katika daraja lile lile. Basi hata kama pasingekuwapo kosa lolote wodini, bado lingekuwapo deni: aliyetoa afya yake ili kuilinda ya wengine ana haki ya kurudishiwa kiasi kinachoweza kurudishwa.

Nani basi ni mdaiwa? Hapa turudi kwenye lile fundisho la pango. Kanuni ya haki yasema kwamba mtu hawezi kudaiwa jambo lisilo katika uwezo wake. Kulala si katika uwezo wa mwuguzi. Kujiweka mahali pa kulala ndiko kuliko katika uwezo wake, tena kwa sehemu tu. Yaliyobaki yamo mikononi mwa wengine. Kwa hiyo tuligawe deni kwa kadiri ya uwezo.

Mwuguzi mwenyewe adaiwa yaliyo yake. Akitoka zamu ya usiku na kwenda moja kwa moja kukesha tena kwa kazi nyingine ya kuongeza fedha, hawezi kusema kuwa uchovu umemjia kama mvua. Walakini, kabla ya kumlaumu, na tuulize kama mshahara wake unamlisha yeye na jamaa zake. Maana mwenye njaa hana miiko.

Watawala wa hospitali wadaiwa zaidi, kwa kuwa kalamu ya ratiba i mikononi mwao. Mwaka 1977 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mapatano namba 149 juu ya wauguzi, pamoja na mashauri yake namba 157, ambayo yasema kuwa kati ya zamu na zamu mwuguzi apate mapumziko ya saa 12 mfululizo. Shauri hilo si la anasa. Akitoka saa 2 usiku na kuitwa tena saa 12 asubuhi, toa njia ya kwenda na kurudi, toa chakula na kuoga, toa muda wa kutulia; usingizi umebakiwa na nini?

Najua jibu litakalotolewa, nalo ni jibu zito. Mkuu wa wauguzi atasema, "Mwalimu, maneno yako ni mazuri, lakini wauguzi wako wapi? Nina wawili kwa wodi ya watu wengi. Nikimwacha mmoja alale, nani atakesha?" Sidharau neno hili. Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba dunia ilikuwa na wauguzi wapatao milioni 28, na upungufu wa milioni 5.9; na sehemu 89 katika 100 za upungufu huo zilikuwa katika nchi zenye kipato cha chini na cha chini cha kati. Nchi zetu za Afrika Mashariki zimo. Mkuu yule hakuuumba upungufu, ameukuta.

Lakini upungufu waeleza kwa nini deni halijalipwa, haulifuti. Mtu maskini adaiwaye shilingi mia akiwa na kumi, hulipa kumi, wala hasemi kwamba hadaiwi. Tena yako mambo mengi yasiyohitaji watu zaidi. Ratiba ya zamu yaweza kutangazwa mapema, ili mwuguzi apange nyumba yake. Zamu zaweza kufuatana kwa kwenda mbele, kutoka asubuhi kwenda jioni, na kutoka jioni kwenda usiku, badala ya kurudi nyuma; maana saa ya mwili wa watu wengi hupita saa 24 kidogo, nao huona vyepesi kuchelewa kulala kuliko kuwahi. Kulala kidogo kwa zamu wakati wa utulivu wa usiku, mmoja akilinda na mmoja akipumzika, kwaweza kuruhusiwa waziwazi, kusiwe jambo la kufichwa kama wizi. Na dawa za hatari zitolewazo saa 10 alfajiri zaweza kuhesabiwa na watu wawili.

Serikali na raia nao wana sehemu yao. Uchunguzi wa Linda Aiken na wenzake katika hospitali 168 za Pennsylvania, uliotangazwa mwaka 2002, ulionyesha kuwa kila mgonjwa mmoja aliyeongezwa juu ya mwuguzi mmoja aliambatana na ongezeko la sehemu 7 katika 100 la uwezekano wa wagonjwa wa upasuaji kufa ndani ya siku 30, na sehemu 23 katika 100 la uwezekano wa mwuguzi kuchoshwa kabisa na kazi yake. Hesabu zile mbili zatoka katika wodi zile zile. Kwa hiyo fedha za kuajiri wauguzi zisihesabiwe kama hisani kwa wauguzi.

Liko jambo moja tena, nalo ndilo liniumizalo zaidi. Kosa likitokea usiku, aghalabu huitwa mtu mmoja. Huulizwa, "Ni nani aliyeishika sindano?" Mkono ulioishika wajulikana, nao waadhibiwa, bali kalamu iliyoandika zamu ya sita mfululizo haiitwi. Sisemi kwamba uchovu wafuta kila kosa. Mlevi ana lawama kwa kuwa alichagua kunywa. Aliyechoka kwa amri hakuchagua. Kumhukumu wa pili kama wa kwanza si haki, tena hakumponyi mtu, kwa kuwa kesho mwingine atasimama mahali pale pale, saa ile ile, na macho yale yale mazito. Aliye na woga wa adhabu huficha makosa madogo, na makosa madogo yaliyofichwa ndiyo yazaayo makubwa.

Mwisho nasema nasi tusio wauguzi wala watawala. Jirani yetu akiwa mwuguzi wa usiku, mchana wake ni usiku wake. Redio yaweza kupunguzwa sauti. Kinu chaweza kusogezwa nyuma ya nyumba. Mtoto aweza kufundishwa kwamba mlango ule usibishwe kabla ya saa 9. Mume aweza kupika na kuteka maji, asimwamshe mkewe aliyekesha akilinda wagonjwa wa watu kwa sababu tu adhani kwamba alalaye mchana ni mvivu. Na sisi tuliokwenda kumtazama ndugu yetu wodini, tukikawia kujibiwa, tusiwe wepesi wa kutukana. Mkono mmoja haulei mwana, na macho ya mtu mmoja hayatoshi kukesha kwa ajili ya mji mzima. Aliye na ratiba mkononi na aitazame tena leo. Na mwenye jirani atokaye zamu asubuhi, amwachie kimya.